Uso ulioonekana ndani ya kofia ya Armstrong: jibu kwa msomaji anayesafisha video za Apollo

Swali: Nimepakua kipande cha video ya Apollo 11, pale Neil Armstrong anaposhuka ngazi. Nikakipitisha kwenye programu ya akili mnemba, nikakikuza hadi 4K na kukifanya kiwe cha fremu 60 kwa sekunde. Kimependeza sana, ila ndani ya kofia kumetokea kitu kama uso, na rafiki zangu wanasema nimetengeneza video ya uongo. Wataalamu wa kurejesha video za zamani za anga wanafanyaje? Na kwa nini NASA hawakurusha picha nzuri tangu mwanzo?

Jibu: Uso huo hautoki Mwezini, ndugu msomaji. Umechorwa na programu yako. Kamera iliyofungwa ubavuni mwa Eagle, chombo kilichotua Mwezini, ilituma mistari 320 kwa picha nzima: ngazi, ardhi, anga jeusi na mtu, vyote humo humo. Kofia ya Armstrong ilipata sehemu ndogo tu ya mistari hiyo, na hapakubaki nafasi ya macho wala pua. Programu za aina hiyo zimefunzwa kwa picha nyingi mno za watu, basi zikiona duara lenye kivuli juu ya mabega hujaza kile ambacho kwa kawaida hukaa hapo. Rafiki zako wana haki ya kulalamika, ingawa neno "uongo" ni kali kwa mtu aliyeuliza kabla ya kusambaza.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana ukilielewa hilo mengine yatakaa sawa yenyewe.

Chombo cha kutua kilitegemea njia moja ya redio kupeleka duniani sauti za wanaanga, mapigo ya mioyo yao, hali ya mitambo, na juu ya hayo yote televisheni. Televisheni ya kawaida ya Marekani ilihitaji nafasi ya megahezi zaidi ya 4 kwenye mawimbi. Apollo 11 ilikuwa na kilohezi 500 tu za kuchezea. Wahandisi wa kampuni ya Westinghouse, wakiongozwa na Stan Lebar, wakatengeneza kamera ya kutosha kwenye nafasi hiyo: fremu 10 kwa sekunde, mistari 320, bila rangi. Seti za majumbani nazo zilitaka mistari 525 na fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ikigawanywa mara mbili kwa mistari ya kupokezana, yaani nusu-fremu 60 kila sekunde. Bila kugeuzwa, picha ya Mwezini isingeonekana kabisa kwenye seti hizo.

Namna ilivyogeuzwa hunishangaza hadi leo. Picha iliyofika ilionyeshwa kwenye skrini ndogo, na mbele ya skrini ikasimamishwa kamera ya televisheni ya kawaida ikiitazama. Umesoma sawasawa: walipiga picha skrini. Fremu ya Mwezini ilipokamilika, kamera ile iliinasa mara moja kama nusu-fremu, mtambo wa sahani ya sumaku ukairekodi, kisha ukairudia mara tano zaidi, jumla mara sita, ili kufikisha nusu-fremu 60 kwa sekunde. Hiyo sita ishike, tutaihitaji.

Mtambo wa namna hiyo ulikuwa kwenye kituo cha kupokelea cha Goldstone huko California, mwingine Honeysuckle Creek nchini Australia, na mwingine Sydney uliohudumia picha za antena kubwa ya Parkes. Kutoka Australia picha ilipanda setilaiti ya Intelsat juu ya Pasifiki, ikafika Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari, ikagawiwa kwa vituo vya televisheni, ikarekodiwa kwenye mikanda ya inchi 2, na kwingine ikapigwa filamu ya milimita 16 kwa kuelekeza kamera ya sinema kwenye skrini, njia inayoitwa kineskopu. Miaka mingi baadaye mtu akaipitisha kwenye skana, mwingine akaibana faili liwe dogo, wa tatu akalipandisha mtandaoni. Wewe umepakua fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, halafu ukamwomba mchoraji asiyemjua mwenye sura aikoleze.

Ndiyo maana mrejeshaji, kabla ya kubonyeza chochote, hujiuliza mambo mawili kwa kila kasoro anayoiona. Kasoro hii imezaliwa wapi kwenye safari hiyo? Na taarifa ya kuiondolea bado ipo mahali fulani kwenye rekodi, au haipo tena? Ukiwa na majibu hayo, sehemu kubwa ya kazi inajiamulia yenyewe.

Chukua mguu wa Armstrong kwenye kipande chako hicho hicho. Sogeza fremu moja moja anapohama kutoka kwenye ngazi. Utaona kitu cha ajabu: vitu vyenye mwanga vilivyo nyuma yake vinaonekana kana kwamba vimepenya mwilini, mtu anakuwa kama kivuli cha moshi. Wapo wanaoshikilia hapo hapo kudai kwamba picha mbili zilipachikwa. Sababu halisi ni bomba la kamera. Kamera za zama zile zilinasa mwanga kwenye bamba lenye chaji ya umeme ndani ya bomba la kioo, na chaji ya fremu iliyotangulia haikufutika yote kabla ya fremu mpya kuandikwa. Kitu cheupe kilichofunikwa na mguu mweusi kiliendelea kung'aa kidogo kwa fremu kadhaa. Tena ilitokea mara mbili, kwenye kamera iliyoko Mwezini na kwenye ile iliyokuwa ikiitazama skrini duniani. Masalio ya kamera ya Mwezini ni sehemu ya ushahidi wa jinsi tukio lilivyonaswa, na mimi singeyagusa. Ya kamera ya duniani ni ya njiani, ila yamechanganyika na yale ya kwanza kiasi kwamba huwezi kuyang'oa bila kuanza kubuni. Hapo mrejeshaji mwenye adabu huacha.

Kasoro nyingine ni rahisi zaidi. Picha ya kwanza kabisa, iliyotoka Goldstone, ilianza ikiwa kichwa chini, kwa sababu kamera ilipakiwa kwenye chombo ikiwa imepinduliwa na swichi ya kuigeuza duniani ilikuwa bado haijabonyezwa. Ilipogeuzwa bado ilikuwa na weusi mzito uliomeza ngazi yote, wakati ya Honeysuckle Creek ilionyesha vivuli vizuri zaidi. Houston wakahamia Honeysuckle kabla ya hatua ile ya kwanza, na dakika chache baadaye wakahamia Parkes, wakabaki huko hadi mwisho wa matembezi. Kwa hiyo ukiona video ya hatua ya kwanza yenye weusi uliokolea namna hiyo, usikimbilie kuinua mwanga kwa programu. Tafuta nakala iliyopita njia nyingine.

Hapo ndipo kazi nyingi ya wataalamu ilipo, na ndipo wapenzi wa mtandaoni huruka. Kutafuta chanzo bora kunazidi programu yoyote. Mfano mchungu ni huo huo wa Apollo 11. Vituo vya kupokelea vilirekodi mawimbi kama yalivyofika, kabla ya kugeuzwa, kwenye mikanda ya sumaku ya inchi 1 yenye njia 14, na televisheni ilikaa kwenye mojawapo ya njia hizo. Mikanda ile ilikuwa kama 45 kwa safari yote. Ingepatikana, tungeruka skrini, setilaiti, Houston na kineskopu kwa mpigo mmoja. Timu ya wastaafu na wahandisi, akiwemo Lebar mwenyewe na Dick Nafzger wa kituo cha NASA cha Goddard, iliitafuta kwa miaka. Mwaka 2009 NASA ikatoa taarifa kwamba kwa uwezekano mkubwa mikanda hiyo ilifutwa na kutumika upya, kipindi shirika lilipokuwa na uhaba wa mikanda na data za setilaiti zikimiminika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mikanda ile ilihesabiwa kuwa ya akiba ikiwa matangazo yangekatika, matangazo hayakukatika, na kwenye rejista ikabaki kuwa mikanda ya data kama mingine.

Walichofanya baada ya hapo ndilo jibu la "wataalamu wanafanyaje". Walikusanya nakala bora zilizosalia duniani: mikanda ya matangazo iliyohifadhiwa na kituo cha televisheni cha CBS, filamu za kineskopu zilizokuwa Houston, na nakala iliyotoka Sydney ambayo haikupita kwenye setilaiti. Wakapeleka kwa kampuni ya Lowry Digital huko California, iliyozoea kusafisha sinema za zamani, kwa gharama ya takriban dola 230,000. Kwa kila kipande wakachagua chanzo chenye afya zaidi. Chenga zikapunguzwa, mwanga uliokuwa ukipanda na kushuka ukasawazishwa, mikwaruzo na vumbi la filamu vikaondolewa. Hawakuongeza rangi. Hawakuongeza fremu. Kuna madoa meupe na miale ya mwanga kwenye baadhi ya sehemu ambayo bado unaweza kuyaona. Matokeo yake hayapendezi macho kama ya kwako, na ndiyo maana yanaaminika.

Kuna hadithi ya upande wa pili, nayo huwa naitaja kila ninapopata nafasi. Mwaka 1966 na 1967 vyombo vitano vya Lunar Orbiter vilizunguka Mwezi vikipiga picha kwenye filamu halisi, vikiisafisha humo humo ndani, kisha kuisoma kwa mwanga mstari kwa mstari na kuituma kwa redio. Umma uliona nakala zilizopigwa kutoka kwenye skrini, zenye michirizi ya vipande vilivyoungwa. Mikanda ya mawimbi yenyewe ilinusurika kwa sababu Nancy Evans wa JPL, maabara ya NASA, alikataa itupwe, na mashine za Ampex FR-900 za kuisomea, kubwa kama makabati, zikakaa kwenye gereji yake kwa miaka. Mwaka 2008 timu ya Dennis Wingo na Keith Cowing ilizifufua ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's kwenye eneo la kituo cha NASA cha Ames, na Novemba mwaka huo wakatoa picha ya Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi, iliyopigwa Agosti 1966. Ni picha ile ile ya zamani, ila vivuli vyake vina undani ambao nakala za kuchapishwa hazikuwahi kuwa nao. Programu haikubuni chochote pale. Undani ulikuwa kwenye mkanda, ukisubiri mashine ya kuusoma.

Sasa turudi kwenye ile sita. Kama umepata nakala ya Apollo 11 iliyotoka kwenye mkanda wa video (kineskopu haifai kwa hili, hesabu ya fremu zake imeshavurugwa), kila picha halisi ya Mwezini imo mara sita mfululizo. Zile sita zilitoka kwenye sahani moja zikiwa sawa. Zikitofautiana, tofauti ni chenga za njiani: setilaiti, nyaya, mkanda. Ukizipanga sita kwa usahihi na kuchukua wastani wake, chenga zinapungua kwa mzizi wa pili wa idadi ya nakala, yaani zinabaki chini ya nusu, na mwendo wa mtu hauguswi hata kidogo kwa sababu ndani ya zile sita hapakuwa na mwendo. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote. Unapata usafi wa bure bila kukisia lolote. Kinachosumbua ni kutafuta mahali kundi la sita linapoanza. Tazama ukingo wa kitu kinachosogea, kwa mfano mkono wa mwanaanga: utakaa palepale, utakaa, utakaa, kisha utaruka. Mruko ndio mpaka.

Na hapo utaona mara moja tatizo la fremu zako 60 kwa sekunde. Picha halisi ni 10. Katika kila fremu sita ulizonazo, tano hazikuwahi kupigwa na kamera yoyote. Mwendo ule laini unaoupenda ni makisio kwa asilimia zaidi ya 80.

Filamu ni jambo jingine, na kama unataka kazi yenye matunda mazuri nakushauri uhamie huko. Apollo zilibeba kamera ndogo ya filamu ya milimita 16 iliyotengenezwa na Maurer, yenye kasi za kuchagua: fremu 1, 6, 12 au 24 kwa sekunde. Kutua kwa Apollo 11 kulipigwa kutoka kwenye dirisha la Buzz Aldrin, mwenzake Armstrong, kwa fremu 6 kwa sekunde, kwa sababu kasha moja la filamu kwa kasi ya 24 lingeisha kabla ya kufika chini. Filamu hizi zilirudi duniani mkononi, hazikupita redio wala setilaiti. Zimehifadhiwa kwenye baridi na zimeshapitishwa kwenye skana za kisasa, na nakala zake zinapatikana bure kwa kuwa kazi za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki. Kosa la kawaida ni kuzicheza kwa kasi ya 24, Mwezi ukawa unakimbia kama sinema ya vichekesho. Kasi sahihi hupatikana kwa kulinganisha na mazungumzo ya redio: Aldrin akisoma futi za mwinuko, vumbi linaanza kutawanyika, ndipo unajua upo wapi. Kwenye faili la mwisho rudia kila fremu mara nne ndani ya video ya fremu 24. Itaonekana ya kukatika katika. Ndivyo ilivyopigwa.

Kwenye filamu hizo kupanga fremu nyingi na kuchukua wastani kunafanya maajabu. Chembe za filamu hubadilika kila fremu, kitu kilichosimama hakibadiliki. Fremu 4 zinapunguza chembe hadi nusu, fremu 16 hadi robo. Na hapa nina habari njema kwako: uso wa Armstrong upo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kamera ya picha mgando kwa muda mwingi, picha zake juu ya Mwezi ni chache mno, lakini kamera ya filamu dirishani ilimnasa, na mrejeshaji mmoja Mwingereza akapanga fremu za sehemu aliyokuwa ametulia, kioo cha dhahabu kikiwa kimeinuliwa, akapata sura yake ndani ya kofia. Uso ule si kama ule uliochorwa na programu yako. Wa kwake umejengwa kwa mwanga uliofika kwenye filamu mwaka 1969.

Rangi ina mtego wake. Kamera za televisheni za rangi zilizotumika Mwezini kuanzia Apollo 12 hazikuwa na mabomba matatu. Zilikuwa na bomba moja na gurudumu la vichujio vyekundu, bluu na kijani likizunguka mbele yake, na kila nusu-fremu ilibeba rangi moja. (Ya Apollo 12 haikuishi: mwanaanga Alan Bean aliielekeza kwenye Jua kwa bahati mbaya na bomba likaungua mwanzoni mwa matembezi.) Duniani rangi tatu ziliunganishwa. Kitu kilichotulia kinatoka vizuri, lakini kitu kinachokwenda kasi kinakuwa kimesogea kati ya rangi moja na nyingine, basi kinapata kingo nyekundu, bluu na kijani zilizoachana. Angalia vifusi vya rangi vinavyorushwa pande zote Apollo 17 inapoondoka Mwezini, tukio ambalo Ed Fendell alilifuata kwa kuiendesha kamera ya rova, gari la Mwezini, akiwa Houston. Kasoro hiyo ilizaliwa kwenye kamera, na kwa kanuni ya haraka haraka ungesema iachwe. Mimi nasema inaweza kurekebishwa, kwa sababu taarifa yote ipo: nusu-fremu tatu, kila moja na wakati wake unaojulikana. Ukizitenganisha na kuzisogeza kwa kufuata mwendo uliopimwa, kingo zinakutana. Kuna wenzangu wasiokubaliana nami hapa na hoja yao si dhaifu. Tunakubaliana kwamba toleo lililosogezwa liandikwe hivyo, na lisilosogezwa lihifadhiwe kando yake.

Ukitaka kuona kwa nini ubishi huu si wa wazee wa nyaraka peke yao, fikiria vumbi. Kwenye filamu ya Apollo 16, Charles Duke alimpiga John Young akiendesha rova kwa fujo, vumbi likiruka nyuma ya magurudumu. Bila hewa ya kulibeba, vumbi lile linapanda na kushuka kwa mkunjo safi wa kurushwa, halitengenezi wingu. Wanafizikia wamelipima fremu kwa fremu na kupata mvutano wa Mwezi. Pitisha filamu hiyo kwenye programu iliyofunzwa kwa magari ya duniani, iiongezee fremu na kulainisha vumbi, na kipimo hicho kimekufa. Bendera nayo ni hivyo hivyo. Jinsi inavyotikisika kwa muda mrefu bila hewa ya kuituliza ni taarifa. Ikilainishwa inaanza kupepea, na wale wanaosubiri kuona upepo studioni watakushukuru.

Je, akili mnemba haina kazi kabisa? Inayo. Kutambua vumbi na mikwaruzo inayotokea kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata, inafanya vizuri kuliko mbinu za zamani, na kiraka inaweza kukichukua kwenye fremu jirani badala ya kukichora. Kupima mwendo ili kupanga fremu, sawa. Kuchora nyuso, vitambaa, nyota na mawe, hapana. Kipimo changu ni rahisi: toa tofauti kati ya ulichoanza nacho na ulichopata, uitazame yenyewe kama video. Ikionyesha chenga, vumbi na mikwaruzo, umesafisha. Ikionyesha umbo la mtu, kingo za kofia, mikunjo ya nguo, basi umeongeza au umeondoa kitu ambacho hakikuwa uchafu.

Kuhusu hatua zako mwenyewe. Pakua chanzo kikubwa kabisa kinachopatikana, usitoe YouTube kama kuna faili la hifadhi. Acha nakala moja bila kuigusa. Kama ni video ya nusu-fremu, hakikisha kwanza mpangilio wake, wa juu au wa chini unaotangulia, maana ukikosea hapo kila kitu kinachosogea kitatetereka mbele na nyuma na utahangaika kutafuta dawa ya ugonjwa uliousababisha. Kutenganisha nusu-fremu fanya kwa kichujio makini kama QTGMC ndani ya VapourSynth, programu ya kuchakata video, halafu tupa zinazojirudia badala ya kuongeza mpya. Kutuliza mtikisiko, kutoa vumbi, kupunguza chenga, kisha mwanga na rangi, kwa utaratibu huo. Ukianza na rangi, chenga zitakuwa zimekolezwa na utazipunguza kwa nguvu mno, ngozi ya Mwezi ibaki laini kama nta. Kukuza kuwe mwisho na kuwe kwa kiasi. Picha ya mistari 320 haihitaji 4K. Ikuze kwa hesabu ya kawaida hadi itazamike kwenye skrini ya sasa, basi.

Hakikisha pia unachosafisha ni kile unachodhani. Ile picha maarufu ya pete kubwa ya roketi ikianguka polepole huku ikimulikwa na moto wa injini, inayopachikwa kwenye kila makala ya Apollo 11, ilipigwa kwenye safari za majaribio za roketi ya Saturn V zisizo na watu, Apollo 4 ya Novemba 1967 na Apollo 6 ya Aprili 1968, kwa kamera zilizotupwa ndani ya vidonge na kuokotwa baharini. Nimeona kazi nzuri sana ya usafi ikiwa na kichwa cha habari cha safari isiyo yake.

Na sauti. Filamu ya milimita 16 ya kwenye chombo haikuwa na sauti, wala zile nyingi zilizopigwa kwenye chumba cha kuongozea safari. Ukiweka ngurumo ya injini pale Eagle inapopaa, umebuni. Lakini sauti halisi ipo kwa wingi: Houston ilirekodi mizunguko ya mazungumzo ya waongozaji kwenye mikanda ya njia 30, na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas kililazimika kuitengenezea mashine ya zamani ya SoundScriber kichwa kipya cha kusoma njia zote 30 kwa pamoja, maana kusoma moja moja kungechukua zaidi ya miaka mia. Maelfu ya saa sasa yanasikilizika. Kuna mtafiti aliyekaa na filamu bubu za chumba kile akisoma midomo na kutazama saa za ukutani hadi akapata sauti ya kila mtu mahali pake. Ukipata kipande unachojua saa yake, tafuta dakika hiyo kwenye rekodi na uipachike. Ukikosa, acha kimya.

Toleo lako la sasa usilifute. Libadilishe jina, andika mwanzoni mwa video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini tu, kwamba fremu na undani vimeongezwa na programu, na uonyeshe sekunde chache za chanzo kabla yake. Maelezo ya chini hupotea mtu wa kwanza anapopakua na kupandisha upya. Toleo jipya litakalotoka kwenye nusu-fremu sita lihifadhi kwa FFV1, mbinu ya kubana video isiyopoteza chochote, ndani ya faili la Matroska (.mkv), ambalo programu ya FFmpeg hulisoma bila shida, na kando yake weka faili la maandishi lenye anwani ya chanzo, tarehe uliyopakua na mipangilio ya kila kichujio. Anza na sekunde kumi za hatua ya kwanza, usijaribu saa mbili zote.